Sayari Isiyo na Viti

Sheria za pale kwa dobi zilikuwa mbili, na zote mbili Tajiri alizitunga akiwa amekaa. Ya kwanza: pasi haina kiti. Maana yake, mpiga pasi anasimama tangu mlango unapofunguliwa asubuhi mpaka unapofungwa jioni, kwa sababu mtu akikaa atasinzia, na akisinzia ataunguza shati la watu. Ya pili: kilichokutwa mfukoni kinarudi na mwenyewe. Iwe kitufe, iwe tiketi, iwe barua ya kumfungisha mtu ndoa au ya kumvunjia, kitatiwa kwenye bahasha ya kaki, kitabanwa kwa pini kwenye ukosi wa nguo, kitakwenda zake. Sheria hizo zilipakwa rangi nyekundu ukutani, juu ya mapipa ya sabuni, na hakuna aliyedhani kwamba siku moja ya pili ingekuja kuila ya kwanza.

Wapiga pasi walikuwa sita. Mmoja wao walimwita Sayari, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alilipata kwa daftari. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na ndani yake alikuwa anaandika riwaya ya mambo ya nyota. Alilificha chini ya kitambaa cha meza yake ya pasi. Mashine za kufulia zikianza kuunguruma kiasi kwamba mtu wa ofisini hasikii kitu, alilitoa kwa mkono wa kushoto akawasomea wenzake ukurasa mmoja, wa kulia ukiendelea kusukuma pasi. Hakuna mteja aliyepata kulalamika kwamba shati lake limepigwa pasi kwa mkono mmoja.

Ndani ya riwaya hiyo kulikuwa na sayari ya mbali iitwayo Wima, yenye majua mawili na watu wa aina mbili, Waliokaa na Waliosimama. Waliokaa walizunguka huku na huko kwenye viti vinavyoelea. Waliosimama walifagia kiwanja cha vyombo vya anga, walipika, walijenga, walizaa na kufa, yote wima, na hata kaburini waliingizwa wima ili kuokoa nafasi. Wala hawakunung'unika. Tangu uchanga walivalishwa bomba la chuma kila mguu, na madaktari wa serikali waliwaambia kwamba wao wamezaliwa bila magoti, goti likiwa kiungo cha watu wa ukoo bora. Aliyesikia maumivu katikati ya mguu aliambiwa hayo si maumivu, ni wivu.

"Ni wivu huo!" wapiga pasi waliambiana kila magoti yalipowachoma, wakacheka mpaka machozi.

Aliyetawala Wima alikuwa Mkuu mmoja ambaye hakuwa amekanyaga ardhi kwa miaka thelathini. Kiti chake kilielea chumba hadi chumba, na kila alipopita aliwakumbusha watu: "Nyota haina kiti." Sasa, Tajiri naye alikuwa na kiti, tena kiti pekee katika jengo lile zima, cha ngozi, chenye magurudumu matano. Alikisukuma kwa visigino kutoka mezani hadi mlangoni mwa ofisi, akachungulia, akasema, "Pasi haina kiti, jamani," kisha akajirudisha kinyumenyume bila kuinua makalio. Sayari aliapa kwamba kufanana huko kumetokea tu. Aliapa huku ameuma midomo asicheke.

Lakini si yote yalikuwa ya kucheka. Kwenye meza ya pili kutoka dirishani alisimama wifi yake, mke wa kaka yake, mwenye mimba ya karibu miezi saba. Mwaka uliotangulia alikuwa na nyingine, na ilitoka ikiwa na miezi mitano na ushei, siku ya mashuka ya hoteli, akiwa amesimama palepale. Kaka mtu alikuwa dereva wa malori ya masafa. Alipoondoka safari hii alimshika dada yake mkono akamwambia, "Nakuachia wawili, unirudishie wawili." Tangu siku hiyo, kila wifi alipohamisha uzito kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto, Sayari alimwona, na roho ilimruka.

Walijaribu njia iliyonyooka kwanza, msidhani hawakujaribu. Daktari alimwandikia wifi cheti chenye mhuri: akae dakika kumi kila baada ya nusu saa. Wifi alikipeleka ofisini kwa mikono miwili, na Sayari akamfuata nyuma na mzigo wa mashati ya Tajiri mwenyewe, apate kuona.

Tajiri alikisoma chote mpaka chini. "Nikikupa wewe kiti," alisema, "kesho hawa watano wataniletea matumbo yao." Meza yake ilikuwa na mguu mmoja mfupi, ilikuwa ikiyumba miaka yote. Alikikunja kile cheti mara nne, akainama, akakichomeka chini ya ule mguu. Aliitikisa meza, ikatulia. "Umeona? Sijakitupa. Kinafanya kazi."

Wifi alisema asante. Hicho ndicho kilichomkata Sayari maini kuliko vyote, ile asante. Aliyatua mashati juu ya kabati, akarudi kwenye pasi yake, akapiga suruali moja mara tatu bila kujua.

Basi Jumanne moja Tajiri alitoka ofisini kwa miguu yake, jambo lililokuwa halijatokea tangu bomba la maji lilipopasuka. Sayari alikuwa amefungua daftari juu ya meza kabisa, anasoma pale ambapo bomba la mguu la mfagiaji mmoja wa kiwanja cha vyombo vya anga limepata ufa. Muda wa kuinua kitambaa haukuwepo. Pembeni yake palining'inia koti la kijani la mwanamke, limeshapigwa pasi, lina mifuko mikubwa. Akalitumbukiza daftari humo.

Tajiri alipita kati ya meza, akanusa hewa, akagusa ukosi huu na ule, akasema sheria yake, akarudi kukaa. Sayari alinyoosha mkono alitoe daftari lake. Hapohapo wifi akaishika meza kwa mikono miwili.

"Wifi," alisema polepole, "naona giza."

Walimkimbilia wote. Wakamwegemeza kwenye pipa la sabuni, maana sakafu ilikuwa imejaa maji, wakampepea kwa ubao wa kukunjia mashati, wakampa maji ya sukari. Damu ilimrudi usoni kidogo kidogo. Sayari alipokumbuka koti, hanga lilikuwa linabembea tupu.

Alikwenda mbio kwa mfungashaji. Huyu alikuwa mzee mwembamba ambaye wote walimwita Kanuni, kwa sababu katika miaka yake yote pale hakuwahi kuvunja hata moja.

"Kanuni, lile koti la kijani liko wapi?"

"Limeshaondoka. Gari limelichukua sasa hivi."

"Mfukoni mlikuwa na kitu!"

"Najua. Daftari." Uso wake ulijaa fahari ya kazi. "Nimelitia kwenye bahasha kubwa, nimebana pini mbili, maana lilikuwa zito."

Alingoja ashukuriwe. Sayari akauliza, "Koti la nani?"

Kanuni alifungua kitabu cha namba, akalowesha kidole, akapekua bila haraka. "La mama mkwe wake Tajiri."

Wenzake walimpa pole kana kwamba amefiwa. Mmoja alijaribu kumtuliza: labda mama mwenyewe hapendi kusoma. "Alikuwa mwalimu mkuu miaka thelathini na mmoja," alisema Kanuni, ambaye hakuwa na ubaya, ila alipenda mambo yawe sahihi. Siku tatu Sayari alikula bila kusikia ladha. Kazi ikimponyoka yeye, na ya wifi imeponyoka, na kaka akirudi atamwambia nini? Alijilaumu kwa kila neno la kuchekesha aliloandika, halafu akayakumbuka yale maneno na, Mungu amsamehe, akacheka tena.

Ijumaa mchana mama mkwe akaja. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, ndani ya lile koti la kijani, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo, daftari kwapani. Duniani Tajiri aliogopa vitu viwili, maji kukatika na huyu mama. Alitoka ofisini mbiombio.

"Shikamoo, Mama! Mbona hukunipigia, ningekufuata!"

"Marahaba. Nani hapa ni mwandishi?"

Aliyekuwa kwenye mashine alizizima, ndio watu wakajua jinsi kimya kinavyotisha. Sayari aliinua mkono, na pasi ikiwa bado mkononi.

"Wewe?"

"Mimi, Mama."

"Koma zako umezimwaga tu kama mtu anayelisha kuku. Ukurasa wa kumi na nne jua la pili limezama mara mbili kwa siku moja." Yule mama alisogea, akashusha sauti, na sasa hakuwa mwalimu tena. "Sasa niambie. Bomba lilipopasuka, goti lilikunjika au halikukunjika? Umeniacha katikati ya sentensi. Tangu Jumanne sijatulia."

"Mama, bomba gani limepasuka?" Tajiri aliuliza kwa hofu.

"Nyamaza, baba, wewe hujasoma." Akageuka huku na huko. "Nisomee iliyobaki. Nikae wapi?"

Swali lilikuwa dogo. Watu wote waliangalia meza sita, mashine nne, mapipa na marundo ya mashuka, wakaangalia na maandishi mekundu ukutani. Yule mama aliyasoma hayo maandishi. Akauliza kama hiyo sheria ya kwanza ni utani.

"Karibu ofisini, Mama, karibu," alisema Tajiri. "Kiti kipo."

Na hapo ndipo kitu fulani kilipomchezea Sayari kifuani, kitu chenye pembe. Aliifahamu ile ofisi. Aliifahamu ile meza, na kilichokuwa chini yake.

"Naam, ofisini ni pazuri," alisema kwa upole mwingi. "Kuna na meza, Mama ataweka chai yake."

Mama mkwe akakalia kiti cha magurudumu. Tajiri, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja, akasimama ukutani, mikono nyuma. Chai ikaletwa. Mama akaagiza mlango uachwe wazi hewa ipite, na wapiga pasi watano wakagundua ghafla kwamba nguo zote za haraka ziko upande ule.

Sayari alipokea daftari lake, akalifungua kwenye ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Chini kabisa, kwenye kivuli cha meza, aliona ncha nyeupe ya karatasi. Alijua anaweza kumpa mama wa watu goti lake, likunjike, akashukuriwa, akarudi kwenye pasi. Aliogopa kweli. Kisha akamsikia wifi huko nje, anashusha pumzi jinsi anavyoshusha akihamisha mguu.

"Kabla ya goti, Mama," alisema, "kuna sura moja ambayo bado iko kichwani. Nikusimulie?"

"Simulia."

"Yule mfagiaji alikuwa na wifi yake, mjamzito. Mimba ya kwanza ilikuwa imetoka, kwa kusimama. Daktari mmoja, mmoja tu katika sayari nzima aliyekuwa na haya, akamwandikia cheti kwamba akae. Basi akakipeleka kwa Mkuu, kwa mikono miwili."

"Akakubali?" Mama aliisogeza miwani.

"Alikisoma chote. Halafu akakikunja mara nne, akakichomeka chini ya mguu wa meza yake, maana ilikuwa inayumba."

Ukutani, Tajiri alikohoa. Alikohoa tena.

Mama mkwe alitikisa kichwa, hakuridhika. "Hapana. Hapo umezidisha chumvi. Mtu mbaya namwelewa, lakini hata mbaya awe wa kuaminika. Cheti cha mjamzito? Hakuna mtu wa namna hiyo, hata huko nyotani. Futa hiyo."

"Afute kabisa!" alisema Tajiri. "Hata mimi nimeona, Mama. Si ya kweli."

"Nitafuta," alijibu Sayari, macho chini.

"Na tena," mama aliendelea, maana mwalimu akianza kusahihisha haachi njiani, "karatasi moja haiwezi kutuliza meza. Ni nyembamba."

"Ikikunjwa mara nne, Mama? Na ikiwa ya ile karatasi ngumu, yenye mhuri?"

Mama alifikiri. Alikuwa amefundisha hesabu kwa miaka thelathini na mmoja, na jambo linalopimika halikumpita bila kupimwa. Akainama kuangalia mguu wa meza unavyokaa.

"Mama, mgongo!" Tajiri alipiga kelele. "Usiiname, Mama, mgongo wako!"

Alikuwa amechelewa. Yule mama alishika ile ncha nyeupe, akavuta. Meza ikalala upande, kikombe kikateleza taratibu kutoka mwanzo wa meza hadi mwisho wake, na chai yote ikaishia kwenye suruali ya Tajiri, iliyopigwa pasi asubuhi ile na Sayari. Hakuna aliyecheka. Mama alikunjua karatasi, mara moja, mbili, tatu, nne, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ile ile iliyokuwa ikifika darasa la nyuma.

"'Mimba ya wiki ishirini na nane. Historia ya mimba kutoka. Miguu imevimba. Tafadhali, aruhusiwe kukaa dakika kumi kila baada ya nusu saa.'"

Alipofika kwenye tafadhali aliirudia. Huko nje harufu ya kuungua ilipanda. Mpiga pasi mmoja alikuwa amesahau pasi juu ya shati la mtu, na shati limetoboka tundu la umbo la pasi kabisa, na mpigaji wake alikuwa wima, macho makavu, hajasinzia hata kidogo.

Mama mkwe hakumtazama mwandishi. Alimtazama mkwewe, kutoka kwenye chai ya suruali mpaka usoni, akaufikia uso akabaki hapo.

"Nimemwambia huyu binti mtu wa namna hii hayupo," alisema. "Kumbe ndiye niliyempa mwanangu."

"Mama, mimi nilikuwa..."

"Ulikuwa umekaa."

Akainuka. Akakigeuza kile kiti cha ngozi, akakisukuma mlangoni, magurudumu matano yakilia juu ya sakafu yenye maji, akapita meza ya kwanza, akakisimamisha kwenye ya pili kutoka dirishani.

"Kaa, mwanangu."

Wifi alimtazama Tajiri. Ndivyo mazoea yalivyo, hata mlango ukiwa wazi mtu anabisha.

"Usimwangalie yeye," alisema mama. "Magoti ni yako."

Wifi akakaa. Alikaa polepole, mkono mmoja tumboni, na alipofika chini alitoa sauti ndogo ambayo haikuwa neno. Sayari alilia. Hakujificha wala hakugeukia ukuta, alilia na daftari mkononi, mbele ya watu.

Ndipo Kanuni akatokea kutoka chumba cha kufungashia, na bahasha ya kaki. Alimwomba mama kile cheti, akakitia ndani, akaibana bahasha kwa pini kwenye mgongo wa kiti cha ngozi.

"We mzee, unafanya nini?" Tajiri aliuliza.

"Sheria ya pili, Tajiri. Kilichokutwa kinarudi na mwenyewe." Kanuni aliipapasa bahasha ikae sawa. "Na kwa kuwa cheti kinasema akae, kiti nacho siwezi kukitenganisha nacho. Ni mzigo mmoja."

Tajiri aliufungua mdomo. Mama mkwe alimwangalia. Akaufunga.

"Ijumaa ijayo nakuja kusikia habari za goti," alisema mama, akiligonga kwa kidole daftari lililokuwa mkononi mwa Sayari. "Nakuja na wenzangu wanne, wastaafu wote, miguu mibovu. Nisijikute nimesimama, wala nisikute yeyote humu amesimama kwa kukosa pa kukaa. Na wewe, rekebisha lile jua." Akaondoka zake, na koti la kijani.

Mashine ziliwashwa tena, pasi zikarudi kazini. Tajiri alibaki ofisini na meza yake iliyolala upande. Kwanza alisimama katikati ya chumba. Baadaye akaegemea kabati. Ilipofika saa kumi walimwona mlangoni, amebeba uzito kwa mguu wa kulia, akauhamishia wa kushoto, akaurudisha wa kulia, uso umemkunjamana kwa mshangao wa mtu anayekutana na jambo geni. Akainama kidogo, akajishika goti.

Wifi alikuwa anamwangalia kutoka kwenye kiti, miguu juu ya gunia la taulo. Hakuwa na kawaida ya kumsemesha Tajiri bila kuulizwa.

"Panauma hapo katikati?" aliuliza.

"Panauma," alikiri Tajiri.

"Pole," alisema wifi. "Ni wivu huo."